Jibu Linatolewa Jiweni

Shangazi,

Tulikupoteza Alhamisi moja ya mwezi wa sita mwaka huu, baada ya adhuhuri, ukungu ukiwa bado haujaondoka juu ya Magamba. Ulikuwa umekaa jikoni kwenye kiti chako cha kamba, unamenya viazi. Naanza na hilo kwa sababu watu wameshaigeuza habari. Ukishuka sokoni Lushoto leo utaambiwa kwamba Mwalimu Mwanaidi alianguka mlimani na mzigo wa majani kichwani. Hukuanguka mlimani. Ulifia kwenye kiti, kisu mkononi, na kiazi umekimenya nusu. Mbona hakuna anayekilaumu kiti?

Nimeanza vibaya, najua. Ungenirudisha mlangoni niingie upya. Shikamoo, Shangazi. Onga makeo, nakuamkia kwa Kisambaa chetu. Ni mimi, Hemedi, mtoto wa kaka yako, fundi wa kenchi za mapaa. Nakuandikia nikiwa kazini Soni, nimekaa juu ya rundo la mbao chini ya turubai, mvua imetusimamisha. Ng'ombe wako yuko kwangu. Amezaa dume, na jeuri ameirithi kwa mama yake. Mplamu wa nyuma ya nyumba umechanua kana kwamba hakuna kilichotokea, na mimi siku nilipouona niliukasirikia, mti mzima, kama mtoto.

Hasira ninayo nyingi, na ya kwanza ni ya siku ya maziko. Msemaji alisimama akakusifu. Akasema ulikuwa mkarimu, mtu wa swala, jirani mwema, mpishi ambaye mgeni hatoki kwake na njaa. Yote kweli. Lakini hakusema ulikuwa na akili. Wala hakuna mwingine aliyesimama akasema kwamba huyu mwanamke alikichunguza kichwa cha binadamu, akaona kitu, akakijaribu, akakirekebisha alipokosea, kisha akakifundisha kwa watu ambao shule ilishawatupa. Walikuzika kama mpishi, Shangazi. Mimi nilikuwa nimeshika jeneza upande wa mbele kushoto, mdomo wangu haukufunguka. Ndiyo maana naandika.

Habari yenyewe ulinisimulia mara nyingi, na kila mara ulianza na chumvi. Ulikuwa umestaafu juzijuzi. Ukaanza kutia chumvi kwenye mboga mara mbili. Unaingia chumbani, unasimama katikati, hujui umefuata nini. Ukamwita Zubeda, mtoto wako wa kumzaa, kwa jina la dada yako aliyekufa zamani. Na wewe ndiye uliyemuuguza bibi, uliona akili yake ilivyokuwa ikimtoka kidogo kidogo mpaka akawa anawaamkia watoto wake kama wageni. Ukaogopa. Hukumwambia mtu. Ulikuwa unakaa, unajificha ndani ya nyumba usije ukakutana na mtu unayemfahamu ukashindwa kumtaja.

Kisha aliyekuwa akikukatia majani ya ng'ombe akahamia Korogwe, ikabidi uyafuate mwenyewe, kule juu mpakani mwa msitu. Siku za mwanzo, ulisema, ulikuwa unahema kama mashine ya kupasulia mbao. Ulikuwa unasimama kila baada ya hatua chache na kujifanya unaangalia mandhari, uliyoiona tangu uzaliwe. Ikapita miezi. Siku moja, katikati ya mteremko, likakujia jina la shemeji wa jirani yako Mama Rehema, jina ulilolitafuta wiki nzima mpaka ukaona aibu. Ukasimama ukalitamka kwa nguvu: "Athumani!" Na kulikuwa na Athumani mwingine kabisa anachimba viazi hapo pembeni, akaitika, akaja mbio akidhani kuna msiba. Ukifika hapo kwenye hadithi ulikuwa unafuta machozi kwa upindo wa khanga kwa kucheka.

Mtu mwingine angemshukuru Mungu akaendelea na safari. Wewe ulikuwa umefundisha hesabu maisha yako yote, ukataka kujua kwa nini. Ukaanza kujipima. Wiki hii unapanda kila asubuhi, wiki ijayo unakaa. Unajipa sura ya kuhifadhi, unajipa kuzidisha kwa kumi na saba, unajipa majina ya watoto wote wa darasa lako la kwanza kabisa kwa mpangilio wa madawati yao. Ukakuta wiki za kupanda majina yanakuja, na wiki za kukaa yanagoma. Ulirudia mpaka uliporidhika, na hata uliporidhika hukutangaza. Ulikuwa unasema kilichotokea kwako peke yako bado ni hadithi tu.

Mtu wa pili wa kujaribiwa nilikuwa mimi.

Unakumbuka nilivyokuja? Nilikuwa nabeba mbao Shume, kutoka kwenye miti iliyoangushwa mpaka barabarani inaposimama lori. Hesabu nilishaanguka kidato cha nne, nikarisiti, nikaanguka tena. Wewe unajua alichoniambia mwalimu wangu wa sekondari mbele ya darasa zima, kwamba kichwa changu kimeumbwa kuwekewa ngata, siyo namba. Wenzangu walicheka, na mimi nikacheka nao ili wasinione. Mwalimu yule yuko hai, juzi nimempita Lushoto, nikampa shikamoo yake kwa sababu nimelelewa. Lakini sijamsamehe, na barua hii siiandiki ili nimsamehe.

Nilikusimulia maneno yale. Nilidhani utanibembeleza. Ukasema, "Vizuri. Basi tutaanzia hapohapo kwenye ngata." Hukunipa daftari. Ulinipa mundu na kamba.

Ile njia yetu nitaichora hata nikiwa nimefumba macho. Inaanzia kwenye bomba la maji chini ya nyumba yako. Inapanda katikati ya matuta ya kabichi mpaka kwenye kona yenye mikaratusi. Kutoka konani inakaza mwinuko, inapita pembeni mwa msitu, mpaka kwenye jiwe lile kubwa lenye mgongo wa ng'ombe, ambapo majani yanaanza. Na sheria ulinipa palepale bombani, huku unafunga kamba za raba zako. Swali linaulizwa konani, mara moja tu. Kuanzia hapo ni kimya, hakuna karatasi, hakuna kalamu, hakuna kunong'ona. Jibu linatolewa jiweni. Asiye na jibu jiweni atabeba majani ya wote kurudi.

Swali lako la kwanza lilikuwa la kitoto. Mtu mmoja anamaliza kulima tuta kwa siku tatu. Mwenzake tuta hilohilo linamchukua siku sita. Wakishika jembe pamoja, watamaliza kwa siku ngapi? Shuleni ningekujibu tisa haraka haraka, nikidhani ukiona namba mbili sharti uzijumlishe. Nikijihisi mjanja ningesema nne na nusu, katikati yao. Konani nilikuwa na tisa yangu tayari mdomoni. Lakini kusema ni marufuku, ikabidi nitembee nayo. Nikawa napanda, miguu inajua kazi yake, pumzi imepata mwendo, na ile tisa ikaanza kunikera. Nikajiuliza, inakuwaje watu wawili wachelewe kuliko mmoja? Nikaitupa. Nikiwa nakaribia jiwe nikaliona lile tuta lenyewe, Shangazi, siyo namba, tuta, lenye udongo mweusi. Siku ya kwanza huyu kalima theluthi yake. Yule kalima sehemu moja ya sita. Ukiziweka pamoja, nusu ya tuta imekwisha. Jua likizama kesho yake, kazi imeisha.

Nilifika nikakuambia siku mbili. Wewe hukusema hongera. Ulinitazama, ukauliza, "Na hicho kichwa cha ngata umekiacha wapi?" Kisha ukaniwekea mzigo wa majani ule mkubwa kuliko wote, eti kwa sababu ya furaha.

Baada yangu wakaja wengine. Wanaorisiti, waliokatishwa shule, mama wenye watoto mgongoni. Ada yako ilikuwa majani, na ng'ombe wako alinenepa kuliko wote mtaani. Na sifa inayokustahili zaidi, ambayo sijamsikia mtu akiitaja, ni kwamba ulijua kiasi. Kutoka bombani mpaka konani ulituamuru tusengenye. Watu walidhani ni utani wako, kumbe ndiyo ilikuwa mizani. Ulisema tupande kwa mwendo wa kusengenya: mtu akiweza kuimba anatembea kivivu, na akishindwa kumaliza umbea wake amekwenda mbio, apunguze. Wengine walinung'unika kwamba kusengenya ni dhambi. Ukawaambia dhambi hiyo waiandike kwenye hesabu yako, utaijibu mwenyewe. Natumaini huko uliko umejieleza vizuri, maana tulisengenya wilaya nzima.

Unamkumbuka Shabani wa Magamba? Alikuwa mbebaji wa viazi, na mtu wa milimani ukimpa kilima anadhani ni mashindano. Wote tulikuwa na ugonjwa huo. Tumezaliwa kwenye miteremko, kupitwa ni aibu. Siku yake ya kwanza alitoka konani kama anakimbizwa na nyuki, akafika jiweni sisi hata nusu hatujafika. Tukamkuta ameinama, mikono magotini, jasho linamdondoka puani. Ukamuuliza saba mara nane. Akakutazama kama umesema Kichina. Ukamgonga begani kwa mpini wa mundu, taratibu, ukamwambia, "Umefika wewe. Kichwa chako kiko kule konani, kinakuja." Tulicheka mpaka tukakaa chini. Kuanzia siku hiyo ulimtembeza nyuma kabisa, nyuma ya mama mwenye mtoto mgongoni, na huko nyuma ndiko alikojifunza hesabu za sehemu.

Hukuusifia mlima kupita kiasi pia. Kuna waliodhani wakipanda tu watashuka na akili mpya. Ulikuwa mkali juu ya hilo. Mlima haumfundishi mtu kitu, ulisema, unamwamsha tu, na ukimwamsha mtu asiyesoma ataamka hana kitu. Ndiyo maana tukishuka ni uji, kisha meza, palepale kabla mwili haujapoa. Hiyo saa moja baada ya kushuka ulikuwa unailinda kama mtu anavyolinda moto wa kuni mbichi. Mgeni akipiga hodi saa hiyo anasubiri nje. Pale mezani hakuna aliyepiga miayo, hakuna aliyetikisa mguu. Vitu nilivyovisoma miaka minne nikiwa nimekaa, vikapita kama upepo, pale vilikaa. Bado vipo.

Mimi nilifaulu, nikaenda kusoma ujenzi, leo naezeka nyumba za watu kutoka hapa mpaka Mlalo. Watu wanasema nina bahati. Wananiudhi. Mteja akiniuliza paa lake litachukua kenchi ngapi, simjibu nikiwa nimesimama. Namwambia ngoja nizunguke. Nazunguka kiwanja, napanda kule juu kidogo, narudi. Yeye anafikiri nakagua udongo. Nyumba ya mita kumi na mbili, kenchi kila baada ya mita moja na sentimita ishirini, wengi wanaagiza kumi kwa sababu wanahesabu nafasi. Wanaisahau ile ya kwanza inayosimama kabla nafasi yoyote haijaanza. Ni kumi na moja. Sijawahi kuisahau ya kwanza, na kila nikiihesabu nakukumbuka wewe.

Sasa nifike kwenye lililonikalia rohoni.

Siku ya tatu ya msiba, watu wamejaa uani, Zubeda alisimama. Alikuwa amesafiri kutoka Tanga usiku kucha, hakuwahi hata kuuona uso wako, nami sisahau hilo. Alitutazama sisi wanafunzi wako tuliokuwa tunakoroga chakula kwenye masufuria, akasema bila kupandisha sauti, "Mama aliambiwa na daktari apumzike. Nyinyi mkampandisha mlima na hesabu zenu." Mama Rehema akashika kiuno, na kwa kuwa mdomo wake haujui kukaa na kitu, kufikia jioni wewe ulikuwa umeshaanguka mlimani na majani kichwani.

Mimi niliendelea kukoroga, nikikumbuka maneno yako. Mwezi wa nne ulitoka hospitali kuangaliwa presha, nikakukuta bombani, nikakuuliza wamesemaje. Kwa mdomo wako mwenyewe uliniambia, "Daktari kasema nitembee." Nikafurahi, nikakupisha utangulie. Sasa mtoto wako anasema mbele ya ukoo mzima kwamba uliambiwa upumzike. Ina maana mmoja wetu alidanganywa, na aliyedanganya ndiye tunayemlilia.

Nilikwenda hospitali, unanijua, siwezi kukaa na jambo nusu. Daktari yule amehamishwa, na waliopo wakanieleza kwa adabu kwamba mambo ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Nikarudi kama nilivyokwenda.

Basi tukaacha kupanda. Zubeda aliruhusu darasa liendelee kwenye baraza yako kwa sharti moja, kwamba mtu asiukanyage mlima. Akanunua viti vya plastiki, vya kijani. Sitamsema vibaya kwa viti vile. Alitaka jina lako lisife, na alitaka kusiwe na mama wa mwingine atakayekufa. Nami nikachukua chaki yako, Jumamosi kwa Jumamosi nimekuwa nikisimamia, kwa sababu hakukuwa na mwingine.

Darasa lile limekufa, Shangazi. Wanakuja, wanakaa, baridi inawaingia miguuni. Wanapiga miayo. Ninaeleza kitu, wanaitikia, wiki inayofuata nakuta hakuna kilichobaki. Tatu unamfahamu, yule mama wa watoto wawili kutoka kule bondeni, aliyekuwa wa kwanza jiweni kwa majibu bila hata kuhema, anayetaka kusomea uuguzi na kinachomzuia ni hesabu tu. Mtihani ni mwezi ujao. Alishasema hii ndiyo mara ya mwisho, mume wake amechoka kusubiri. Jumamosi iliyopita nilimpa swali la tuta, lilelile, la siku tatu na siku sita. Swali ambalo mwezi wa tano alilijibu akiwa anafunga ngata. Akaandika, akafuta, akaandika. Akaniambia nne na nusu. Alipoona uso wangu akajua. Akafunika uso kwa mtandio, akasema, "Kaka Hemedi, jibu nilikuwa nalo. Sijui limekwenda wapi." Kisha, alipotulia, akasema neno moja ambalo wengine wote walikuwa wanaliogopa: "Turudishe juu."

Nilikaa na hilo siku nzima. Najua ungeniuliza nini. Ungeniuliza kama nina uhakika ni mlima. Sina. Vitu viwili vimeondoka siku moja, mlima na wewe, na mtu wa hesabu hawezi kusema ni kipi kimechukua nini mpaka arudishe kimoja aone. Wewe siwezi kukurudisha. Mlima naweza.

Jumapili nikampigia Zubeda. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, nilishapanga hoja zangu kama mbao kwenye lori. Nikamweleza habari ya Tatu, nikamwambia nataka kuwarudisha juu, nikasema sitaenda kinyume chake kwa siri. Kisha akauliza, polepole, "Kwani wewe mama alikuambia daktari kasemaje?" Nikamwambia. Atembee. Akaniambia kwamba yeye hakuwahi kuonana na daktari. Ulimwambia wewe, kwenye simu, mwezi uleule wa nne. Alikuwa amekusihi uhamie kwake Tanga, chumba ameshakipaka rangi, na wewe ukamjibu, "Daktari kasema nipumzike, safari sitaiweza."

Shangazi. Mambo ya Tanga sote tunayajua. Ulikuwa unasema lile joto linakuchemsha ubongo, siku mbili tu unaanza kutafuta basi. Zubeda ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka ile sauti yako, ya kufuta machozi, halafu machozi yakawa ya kweli, na mimi huku kwangu nilikuwa nimeegemea ukuta. Alipopata pumzi akasema, "Mmoja wetu kapigwa changa la macho." Nikamwambia huenda ni wote wawili.

Huo ndio mwanzo wa sisi kuongea tangu msiba. Hakunipa ruhusa kirahisi, ni mtoto wako. Alisema anakuja Ijumaa, na Jumamosi atapanda na sisi, nyuma kabisa, na akimsikia mtu mmoja anahema anatugeuza wote. Nikamwambia hiyo ndiyo sheria ya siku zote, tunakwenda mwendo wa kusengenya. Akasema basi atakuja wakati mzuri, ana miezi minne ya kusengenya na zaidi ya nusu inanihusu mimi.

Mengine nimeyapanga mwenyewe, kwa sababu kupenda kitu hakumzuii mtu kukipima. Jumatatu niliwapeleka wote zahanati wapimwe presha kabla ya kupanda. Mama Rehema akaja pia bila kualikwa. Alisema anakuja kuhakikisha simuui mwingine. Kumbe presha kubwa kuliko wote ni yake. Muuguzi akamwambia atembee taratibu, asifike kule panapokaza, naye akaona aibu kidogo, mara ya kwanza kumwona hivyo. Nimemtengenezea benchi kwa mabaki ya mbao, nimelisimika konani chini ya mikaratusi. Yeye ndiye atakayekuwa anauliza swali. Umbea atautoa kuanzia bombani mpaka pale, na hapo ataagiza kimya. Nina hamu ya kuona kama ataweza.

Nakuaga sasa, mvua imekatika, vijana wanapanda juu ya paa. Nakuahidi haya. Sitampandisha mtu asiyepimwa. Sitamwacha mtu nyuma, wala sitamsifu anayetangulia. Tatu ataingia chumba cha mtihani akiwa ametoka kutembea, nitamsindikiza mwenyewe kwa miguu kutoka stendi, tukisengenya. Na siku ya hitima yako ya mwaka, nitasimama mimi nimseme mwalimu, wapishi waseme mapishi. Mungu akupe mahali penye mteremko, Shangazi. Tambarare ungechoka.

Sasa swali. Nakuuliza mara moja, kama ulivyotufundisha, sitarudia. Daktari alikuambia utembee, au alikuambia upumzike? Kati yangu na Zubeda, nani ulimwambia kweli? Ukisema kupumzika, maana yake ulikuwa unapanda unajua, na hapo nitakukasirikia vizuri, kwa haki. Ukisema kutembea, mtoto wako atalala usingizi. Tutapanda vyovyote vile. Lakini nataka kujua naupanda mlima huu na mtu gani.

Sitaki hadithi ya chumvi. Neno moja. Tutafika jiweni Jumamosi, saa mbili asubuhi, mimi nikiwa mbele na Zubeda nyuma, na wote tutakuwa kimya tunasikiliza. Jibu nalitaka hapo. Ukichelewa, sheria uliitunga mwenyewe: majani ya wote utayabeba wewe.

Hemedi